Mawe manne yaliyobaki Mlalo



Ukimsikia mtu akisema gari lake liko juu ya mawe, huna haja ya kumwuliza zaidi. Umekwisha kuelewa kwamba magurudumu yamevuliwa, injini imenyamaza, na mwenye gari anasubiri fedha, au spea, au vyote viwili. Msemo huo tumeupenda kiasi kwamba hata mtu aliyeishiwa naye tunasema yuko juu ya mawe. Juma hili nataka tuzungumze juu ya magari yenyewe: yale ya zamani yaliyoachwa nyuma ya nyumba, chini ya miparachichi na kwenye viwanja vya gereji. Kwa miaka mingi tuliyaona hayana thamani, na sasa tunapoanza kuyatafuta ili tuyafufue, tunakuta hayapo.

Mwezi uliopita nilipanda Lushoto. Ile barabara ya kutoka Mombo, kilomita 33 hivi za kona na makorongo kupitia Soni, wengi wenu mnaifahamu. Nilipofika Lushoto mjini sikukaa. Nilipita Magamba nikaenda Mlalo, kwa mke wa marehemu mjomba wangu. Nilikwenda kumsalimu, hilo ni kweli. Lakini nisiwafiche, nilikuwa na jambo jingine moyoni. Nilikwenda kuliona gari.

Mjomba aliacha Land Rover. Ilikuwa ile ndefu, 109, ya miaka ya sitini, rangi ya kijani, na namba zake za zamani zinazoanza na TZ. Ilisimama nyuma ya jiko tangu mimi nikiwa kijana wa shule. Kuku walitagia kiti cha nyuma. Kila nilipokwenda likizo niliipiga kofi boneti yake na kusema, "Ipo siku nitakufufua." Maneno hayo niliyasema kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikapata kazi, nikaoa, nikajenga, na ile siku haikufika.

Basi, baada ya shikamoo na chai, nikauliza, "Mama, gari la mjomba liko wapi?" Akaniangalia kwa mshangao kidogo, akasema, "Baba, mbona waliochukua chuma walikwisha kupita? Nilidhani wewe ulikwisha kulisahau." Tukaenda nyuma ya jiko. Palikuwa na mawe manne makubwa, yamepangwa vile vile kama zamani, na katikati yake majani yalikuwa mepesi, ya rangi ya kufifia, kwa sababu jua halikuyafikia kwa miaka mingi. Gari lilikatwa kwa shoka na msumeno, likapimwa kwa mizani, likalipiwa kwa kilo. Fedha aliyoipata ilisaidia ada ya chuo ya mjukuu, nayo haikutosha hata muhula mmoja.

Msikilizaji, sikumlaumu yule mama, na nawaombeni nanyi msimlaumu. Aliyekuwa na deni la maneno ni mimi.

Lakini hebu tujiulize, magari haya yalifikaje kuwa mengi kiasi hicho huko milimani, na kwa nini yanakwisha sasa?

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kilitolewa kwa mgawo, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo waliotengeneza gari lile wakalitengenezea bodi ya aluminiamu na chesisi ya chuma. Gari hilo likafika kwetu na likawa gari la bwana shamba, la daktari, la misheni, la mashamba ya chai na mkonge, na la wanasiasa waliozunguka nchi kudai uhuru. Huko Usambara, ambako mvua inaweza kuigeuza njia kuwa mtelezo kwa nusu saa, halikuwa gari la fahari. Lilikuwa gari la kushusha viazi na kabichi, na usiku lilikuwa gari la wagonjwa. Mjomba alikuwa akiamshwa saa nane za usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali Lushoto, na aliporudi asubuhi alianza kupakia magunia.

Halafu ikaja miaka migumu. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ikapanda tena 1979. Katikati yake kukawa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, na spea zikaadimika pamoja nazo. Wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka jinsi magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Gari lililovunjika ekseli wakati ule liliwekwa juu ya mawe kusubiri spea kutoka Ulaya. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, mlango ulianza kufunguka, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi. Yalikuwa rahisi kuwaka, yalikula mafuta kidogo, na fundi wake alipatikana kila kona. Nani tena angesubiri ekseli ya Land Rover? Lile lililokuwa juu ya mawe likabaki juu ya mawe.

Hivyo ndivyo milima yetu ilivyogeuka kuwa ghala. Hakuna aliyekusudia. Na ghala hilo halikuwa la Land Rover peke yake. Zilikuwamo Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland na Chris Rothwell, wakitokea Dar es Salaam, walishinda nalo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967. Yalikuwamo malori ya Bedford, na Volkswagen zile za mgongo wa mviringo.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Katika ubaridi na unyevu wa Usambara chesisi ya chuma inaoza, lakini bodi ya aluminiamu haiozi. Miaka thelathini ya mvua haikuitoboa boneti ya mjomba. Na ni boneti hiyo hiyo iliyomvuta mnunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu aluminiamu ina bei kuliko chuma. Inapelekwa kwa wayeyushaji, inachemshwa juu ya mkaa, inamiminwa katika kalibu ya mchanga, inatoka sufuria. Inawezekana kabisa kwamba mlango wa gari la mjomba hivi sasa unapika maharage mahali fulani, Korogwe au Tanga. Sufuria si kitu cha kudharau. Lakini sufuria inaweza kutengenezwa kwa aluminiamu yoyote, na gari lile haliwezi kutengenezwa tena.

Nikiwa njiani kurudi nilisimama Soni, kwenye gereji ya mzee mmoja aliyezitengeneza Land Rover tangu ujana wake. Nilimsimulia habari za mawe manne. Hakushangaa. Akanyoosha bisibisi yake kuelekea barabarani, ambako Land Rover moja ilikuwa ikiteremka na mzigo wa mboga, akaniambia: "Kijana, unaiona ile? Ile imekula wenzake wawili. Giaboksi ilitoka kwa marehemu mmoja, difu ikatoka kwa marehemu mwingine. Hawa waliokufa ndio duka letu."

Nimeyafikiria sana maneno yale. Sisi tunaotoka mjini tunaliona gari bovu kama takataka, au tukilipenda tunaliona kama kumbukumbu ya utoto. Fundi yule analiona kama akiba. Zile chache zinazoendelea kupanda milima kwenye njia ambazo basi haliendi, zinaishi kwa kula zilizokufa. Anayezoa zilizokufa kwa kilo anawanyima chakula zilizo hai. Ni kweli kwamba spea mpya za kuagiza zipo, ukienda Gerezani Dar es Salaam utazipata nyingine, lakini mkulima wa Mlalo atauza kabichi ngapi ili anunue giaboksi kutoka Uingereza?

Wakati sisi tunapima kwa kilo, wenzetu wanapima kwa kipimo kingine. Mwaka 2016, mwezi Januari, kiwanda cha Solihull kilitoa gari la mwisho la aina ya Defender, mjukuu wa lile la 1948. Miezi michache baadaye kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba itayatafuta magari 25 ya toleo la kwanza, iyafufue na kuyauza upya. Hebu tafakari: mtengenezaji mwenyewe anazunguka kutafuta mabovu yake! Hapa kwetu, Oktoba 2024, Arusha ilifurika Land Rover kutoka pande zote katika tamasha lililokusudia kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini nani alihesabu yale yaliyokuwa yakikatwa kwa shoka juma lile lile?

Mtu ataniambia, tukipungukiwa tutaagiza. Hapana, ndugu yangu. Sheria zetu za kodi zinalitoza zaidi gari lililozidi miaka minane, na jirani zetu wa Kenya hawaliruhusu kabisa kuingia. Sheria hizo zina sababu zake nzuri, hatutaki kuwa jalala la magari ya dunia. Matokeo yake ni kwamba gari la mwaka 1965 tulilo nalo ndani ya nchi ndilo hilo hilo.

Wengine watasema, huyu mwandishi ana shibe, anazungumzia magari ya kale wakati watu wanatafuta ada na dawa. Hoja hiyo naiheshimu. Nisingependa mjukuu wa mjomba akose chuo ili mimi nipate kitu cha kupiga kofi wakati wa likizo. Lakini angalieni hesabu yenyewe. Yule mama aliuza kwa kilo kitu ambacho fundi wa Soni angemlipa zaidi kwa giaboksi, difu na milango peke yake. Hakuuza kwa sababu ya shida tu. Aliuza kwa bei ile kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia alichokuwa nacho. Na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

Nisiseme kwamba kila gari bovu lifufuliwe. Mzee wa Soni alinifundisha kutofautisha. Angalia kwanza chesisi, upige nyundo taratibu toka mbele hadi nyuma: ikilia, kuna matumaini, ikibonyea, hilo ni duka la spea. Angalia kama injini ni ile ya asili na kama inazunguka kwa mkono. Tafuta kibati cha namba ya chesisi, na utafute kadi ya gari ndani ya sanduku la marehemu, kwa maana gari lisilo na karatasi hata likiwaka litakusumbua barabarani. Moja kati ya mengi litafaa kurudi barabarani. Mengine yalifae hilo moja.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa sisi wenye wazee vijijini: kabla mizani haijafika, piga simu, mwite fundi mzee, lipimeni gari hilo kwa akili kabla ya kulipima kwa kilo. La pili ni kwa halmashauri na mashirika yenye viwanja vilivyojaa magari yaliyochakaa. Mkiyapiga mnada, yatengeni machache ya zamani, myapeleke kwenye vyuo vya ufundi, vijana wayafungue na kuyafunga wakati wazee wanaoyajua bado wako hai. Pale Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limehifadhiwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na wakoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni jambo jema. Lakini historia yetu haikusafiri kwa Rolls-Royce peke yake, ilisafiri zaidi na magunia ya viazi.

La tatu ni kwa yule mwenye gari nyuma ya nyumba na ahadi mdomoni. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake walishinda Safari kwa Volvo lililokwisha kutumika, gari ambalo wenye nalo hawakulihitaji tena. Hawakusema "ipo siku". Walilifungua, wakalifunga, wakaondoka.

Mimi nilipoagana na yule mama aliniuliza kama nataka kuchukua chochote cha ukumbusho. Aliingia ndani akatoka na ufunguo, ameuning'iniza kwenye uzi mweusi. Wanunuzi hawakuuhitaji, hauna uzito. Sasa uko mezani kwangu hapa studio, na hauna cha kufungua.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.