Nani Amsikilizaye Mtoto Bwenini?

(Mazungumzo mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa shule ya sekondari ya bweni)



Ndugu walimu, wazazi wetu, nanyi vijana wapendwa: watu wamezoea kutusikia sisi wa Haki na Amani wakati wa uchaguzi, na huenda wengine wenu mlitazamia maneno ya siasa. Leo tunazungumzia bweni. Mtoto hulala humo muhula mzima, mbali na macho ya mzazi, na haki yake inaanza hapo alazapo kichwa.

Nchi yetu ya Kenya ina makaburi yanayotulazimisha kusema. Mwezi Julai 1991, wasichana 19 walipoteza maisha katika shule ya St. Kizito, Meru, baada ya wavulana wa shule hiyohiyo kuwavamia usiku. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2024, watoto 21 walikufa kwa moto katika Hillside Endarasha, Nyeri.

Kila baada ya msiba tunauliza juu ya kufuli na vyuma, na ni haki kuuliza. Mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka kila bweni liwe na mlango katika kila mwisho, na mlango wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Mzazi yeyote aweza kuja na kamba ya kupimia siku ya kutembelea watoto, na asionekane mchokozi.

Lakini kuna mlango mwingine, nao ndio uliotuleta hapa. Mtoto akionewa na wakubwa wake, akinyang'anywa blanketi na sabuni, akiguswa vibaya na mtu mzima, au akisikia wenzake wakinong'ona juu ya petroli, atamwendea nani? Akimwambia kiranja, labda kiranja ndiye mwonezi. Akimwambia mwalimu wa nidhamu, huyo ndiye mwenye kuadhibu, na jina lake litajulikana kabla ya chakula cha jioni. Tumeona katika shule nyingi sanduku la maoni limetundikwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo kila apitaye humwona atiaye karatasi. Sanduku la namna hiyo hukaa tupu, na utupu wake huandikwa katika taarifa kuwa ni amani.

Vijana, mnamkumbuka Samweli. Alikuwa mtoto wa bweni kama ninyi, akilala hekaluni chini ya ulezi wa mzee Eli, na mama yake akimletea kanzu ndogo mwaka kwa mwaka. (Akina mama mliobeba sweta leo, mnatoka katika ukoo wa heshima.) Usiku ule alipopewa neno, lilikuwa neno zito juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, na asubuhi aliogopa kulisema. Eli ndiye aliyemwita na kumsihi asimfiche lolote. Alipolisikia, hakumpiga mtoto wala hakumwita mkorofi. Alilipokea, ingawa lilimhukumu yeye na wanawe. Twaona Eli alikosea mengi katika malezi, lakini asubuhi ile alikuwa mlezi kweli.

Sheria nayo imesema. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inamkinga kila mtoto dhidi ya kudhulumiwa na dhidi ya adhabu isiyo ya kibinadamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kwa maneno. Kanisa, kama mfadhili wa shule, limepewa na sheria hiyo jukumu la makuzi ya kiroho, pamoja na kulinda imani ya wanafunzi wasio wa dhehebu letu. Basi binti Mwislamu aliye hapa ni amana yetu sawasawa na mwanakwaya.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walikwisha kuamua katika miaka ya 1970 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya ndogondogo, watu wachache wanaojuana kwa majina na kwa shida zao. Twashangaa jinsi jumuiya hizo zilivyojaa vijijini na kuishia langoni mwa shule zetu. Twapendekeza kila bweni ligawanywe katika makundi ya watu kumi au kumi na wawili, wa kidato cha kwanza hadi cha nne pamoja, wakutane mara moja kwa juma. Na kila kundi liwe na mlezi kutoka parokiani, asiyetoa alama wala adhabu hapa shuleni. Mlezi huyo aelezwe mapema kwamba mtoto akidhulumiwa, habari hiyo haiwi siri ya kundi. Itapelekwa siku hiyohiyo kwa afisa wa watoto na kwa polisi, hata kama mshtakiwa ni mtu wa Kanisa.

Sasa, kwa idhini ya mwalimu mkuu, tunawaomba walimu, wazazi na viranja tutoke pamoja kwenda chumba cha maakuli. Sista wawili kutoka parokiani, wasiofundisha hapa, watabaki na wanafunzi kwa saa moja. Karatasi zipo, na majina hayahitajiki.