Siku Moja kwa Baiskeli Kisiwani Ukerewe
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani natakiwa kusema juu ya kazi ya serikali, maana ndiyo niifanyayo. Katibu akaniambia, "Hapana, hayo tunayasikia kila siku. Tueleze jambo la maisha." Basi nitawaeleza jinsi mimi na jamaa yangu tulivyotumia siku moja ya likizo juu ya baiskeli, kisiwani Ukerewe nilikozaliwa. Mwishoni nitakuwa na ombi.

Wengi wenu mnaijua Ukerewe kwa jina tu. Ni kisiwa kikubwa kupita vyote katika Ziwa Victoria, eneo lake likiwa kama kilomita za mraba 530, na wilaya nzima ina visiwa 38. Watu wake ni Wakerewe, Wajita, Wakara na wengineo. Wanalima mihogo, mpunga, viazi vitamu na machungwa, na wanavua sato, sangara na dagaa. Na chombo chao cha tangu zamani ni baiskeli. Baiskeli huko hubeba gunia la mihogo, kreti la soda, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, na bibi harusi pia.

Mimi sasa naishi Dodoma. Watoto wangu wawili, mvulana wa kidato cha tatu na msichana wa miaka kumi na mmoja, wamekulia huko. Kwao safari ni kiti cha gari na dirisha. Mwaka jana niliamua likizo yetu isiwe ya kukaa na kula tu. Tulivuka kutoka Mwanza kwa meli mpaka Nansio, tukalala, na kesho yake asubuhi nikaenda kwa fundi mmoja kukodi baiskeli nne. Kwanza nilikagua breki, nikabonyeza matairi, nikatikisa usukani. Fundi akacheka, "Mzee, wewe si mgeni wa vyombo hivi." Akatupa pampu, viraka na gundi.

Tulianza safari saa 12:30 asubuhi kabla jua halijawa kali, tukashika njia ya Bukindo na Kagunguli, na nia yetu ilikuwa kufika Bugolora upande wa kaskazini, kisha kurudi. Hatukukusudia kuzunguka kisiwa chote. Hiyo si kazi ya siku moja kwa mtu anayekaa ofisini mwaka mzima. Kilima cha kwanza tu kilinishinda. Nilishuka nikasukuma, pumzi zikinitoka kama mvukuto wa mhunzi. Mama watoto, ambaye ni mwenyeji wa Shinyanga, alinipita akikanyaga taratibu wala hakutoa jasho. Kumbe alijifunza kuendesha kabla hajaanza darasa la kwanza! Tukakubaliana yeye ndiye awe kiongozi wa msafara, na mwendo uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Nilitegemea kwamba huyo angekuwa binti yangu. Alikuwa mimi.

Njia ile inapita kati ya mashamba na mawe makubwa kama yale ya Mwanza. Kila tulipopita tulisalimiwa, na kila salamu ilitaka jibu kamili. Ndani ya gari huwezi kusalimiwa namna ile. Tulinunua machungwa kwa mama mmoja kando ya njia, naye akatuongeza mawili ya bure kwa sababu mtoto alimwamkia vizuri.

Tulipofika Kagunguli niliwaeleza watoto habari za Aniceti Kitereza. Alizaliwa kisiwani mwaka 1896, akasoma katika misheni hapo Kagunguli, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kuichapa. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa baada ya miaka thelathini na mitano hivi. Mzee alifariki mwaka 1981, vitabu vilivyochapwa vikiwa havijamfikia mkononi. Mwaka 2002 mwandishi mwingine wa Ukerewe, Gabriel Ruhumbika, akatoa tafsiri yake ya Kiingereza. Mwanangu akauliza, "Mtu wa hapa hapa, baba?" Nikamjibu, "Wa hapa hapa."

Mbele kidogo tairi la mwanangu likapata pancha. Tukageuza baiskeli juu chini kandoni mwa njia, mimi nikawa fundi. Watu wakasimama kutazama, kama ilivyo desturi. Kijana akainama akaninong'oneza, "Baba, harakisha. Watadhani hatuna gari."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma. Sikumkemea. Nilibandika kiraka, nikajaza upepo, tukaendelea. Lakini moyoni nilijua kwamba sauti ile naifahamu. Ilikuwa yangu.

Tulifika Bugolora karibu na saa tano. Watoto walitaka kuogelea, nikawakatalia, maana ziwa letu lina kichocho. Tukaketi kivulini tukila mihogo na samaki, huku tukitazama upande wa Ukara. Kwenye njia hiyo ya maji, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika Bwisya, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Walikuwemo waliotoka sokoni na mizigo yao. Tulikaa kimya kidogo. Ndipo nikawasimulia watoto wangu jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu, na leo nalisimulia hapa kwa sababu lilitendeka hapa.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili katika shule hii. Mwezi Mei mwaka huo meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Visiwani watu waliliogopa ziwa. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa machungwa na dagaa, na mali yake ilikuwa baiskeli moja. Miezi michache baadaye ikaja siku ya wazazi. Baba akapanda meli na baiskeli yake, akavuka, akakanyaga kutoka bandarini mpaka hapa na gunia la machungwa kwenye keria. Suruali ameifunga kwa kamba ili isinaswe na mnyororo. Akasimama pale langoni, chini ya mwembe.

Nilikuwa na wenzangu, na mmoja wao mzazi wake alikuja na gari. Akaniuliza, "Nani yule anayekupungia mkono?" Nikajibu, "Mtu wa kwetu tu, kanilete mzigo."

Nilikwenda nikapokea gunia haraka haraka, nikamwambia baba kwamba tuna mtihani. Hapakuwa na mtihani wowote. Aliniuliza kama ninakula vizuri, akanipa fedha kidogo, akageuza baiskeli. Kama aliyasikia maneno yangu sijui. Wenzangu wa bweni walikula machungwa yale, na wengine wenu mliokula mko hapa leo. Baba alifariki mwaka 2009. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu ya kumwomba radhi, nami nikawa naahirisha kila likizo.

Niliposema hayo watoto hawakunijibu. Mama watoto aliinuka, akaanza kukusanya vyombo.

Wakati wa kurudi tulipita nyumbani kwa mama yangu. Baiskeli ya marehemu iko mpaka leo, imeegemezwa ukutani ndani ya banda la kuku, haina matairi. Nikamwuliza mama, "Siku ile baba aliporudi kutoka shuleni kwetu, alisema nini?" Akafikiri, kisha akasema, "Alisema mtoto ni mzima, anasoma." Basi. Sikupata zaidi ya hapo.

Mwanangu alikuwa amechuchumaa bandani akifuta vumbi kwenye usukani kwa ncha ya shati lake. Tulipotoka, dada yake alikuwa amechoka. Bila kuambiwa, akampandisha kwenye keria yake, akamkabidhi kijana mmoja wa jirani baiskeli ya pili aje nayo nyuma yetu, akakanyaga mpaka Nansio. Vilima vyote hakushuka hata kimoja. Mimi nilishuka vitatu.

Kwa wenzangu wazazi: ikiwa mnataka siku kama hiyo, haihitaji fedha nyingi. Anzeni alfajiri, kagueni breki, chukueni maji ya kutosha, na msishindane. Siku tatu baadaye bado nilikaa kwa shida kwenye kiti, lakini nilikuwa nimezungumza na mwanangu kuliko mwaka mzima wa gari.

Kwa nyinyi wanafunzi: siku ya wazazi ikifika, mzazi wako akija kwa miguu, kwa baiskeli au kwa lori la mkaa, nenda mpaka langoni. Mpokee mzigo mbele ya watu, na sema kwa sauti, "Huyu ni baba yangu," au, "Huyu ni mama yangu." Mwacha asili ni mtumwa, nami nilikuwa mtumwa wa macho ya watoto wenzangu.

Na sasa ombi langu, Ndugu Mwenyekiti. Pale langoni ule mwembe haupo tena, na wazazi wanaofika mapema wanasimama juani. Naomba chama chetu kijenge banda dogo lenye mabenchi, mtungi wa maji na mahali pa kuegesha baiskeli. Naanza mimi kwa bati kumi na mbao za mabenchi mawili. Lisiitwe kwa jina la mtu yeyote. Litatosha likiwa na kivuli.