Kumtayarisha Mtoto kwa Siku ya Kwanza ya Chekechea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kolandoto)



Tumepewa nafasi ya kunena juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni kumtayarisha mtoto kwa siku yake ya kwanza ya chekechea. Sisi makarani tu hodari wa kutayarisha hesabu za mwisho wa mwaka. Lakini Januari ifikapo, mtoto wa miaka mitano hushikwa mkono asubuhi, hufikishwa mlangoni pa darasa na kuachwa hapo, naye hajaambiwa neno.

Asili ya chekechea ni Ujerumani, ambako Friedrich Froebel alianza mwaka 1837 kuwafundisha watoto wadogo kwa michezo, na mwaka 1840 akapaita mahali pale bustani ya watoto. Kwetu Tanzania, Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliagiza elimu ya awali iwe ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na Waraka Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada. Yaliyosalia juu ya mzazi ni sare na madaftari, na kitu kisichouzwa dukani, yaani utulivu wa moyo wa mtoto.

Na tutazame hapa petu. Tangu wamisioni wa Africa Inland Mission walipoanzisha hospitali mwaka 1913, Kolandoto pamekusanya watu wa makabila mengi. Mtoto wa karani aliyehamishwa kutoka mbali hunena Kiswahili tangu utoto wake. Mtoto wa jirani yake mkulima amelelewa kwa Kisukuma. Wote wawili huketi mbele ya mwalimu mmoja afundishaye kwa Kiswahili. Yule wa pili si mjinga. Akiona kiu, neno alijualo ni minzi. Akibanwa na haja, hajui aseme nini. Hunyamaza, mwishowe hujikojolea, wenziwe humcheka, na kesho yake hukataa kwenda. Hivyo ndivyo mwaka mzima wa masomo uwezavyo kupotea kwa kukosa maneno mawili.

Basi twashauri mambo manne.

Kwanza, maneno. Mwezi mmoja kabla ya shule, mtoto na ajue kutaja jina lake kamili, kuomba maji, kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na kusema aumwapo. Hatusemi Kisukuma kiachwe nyumbani. La, mtoto aliyezoea hadithi za bibi yake hujua kusikiliza, na kusikiliza ndio mwanzo wa kusoma.

Pili, mikono. Ajifunze kuvaa na kuvua kaptula mwenyewe, kunawa, na kushika kikombe cha uji bila kumwaga. Vifungo vigumu ni fahari ya mzazi na taabu ya mtoto.

Tatu, njia. Januari ni wakati wa mvua. Njia zina matope, vijito hujaa, na akina mama wako shambani wakipalilia. Yafaa kutembea naye njia hiyo mara mbili tatu mapema, na kupatana na mtoto mkubwa wa jirani atakayefuatana naye.

Nne, kweli. Wako wamwambiao mtoto mtundu, "Ngoja uende shule, mwalimu atakuchapa." Huyo amekwisha kumfanya mwalimu kuwa adui kabla hawajaonana. Wengine humtoroka mtoto ageukapo. Haifai. Mwambieni, "Baba anakwenda kazini, mkitoka utanikuta hapa mlangoni," kisha mkutwe hapo kweli. Aombaye ruhusa ya mazishi na aombe pia ruhusa ya saa chache za asubuhi ile.

Tena liko jambo lituhusulo sisi hasa. Msidhani ya kuwa mtoto wa karani yu salama kwa sababu ajua Kiswahili. Darasa ni moja. Nusu yao wakilia kwa kutofahamu, mwalimu hawezi kumfundisha hata yule afahamuye. Kwa hiyo mwezi wa Desemba tusiwafungie watoto wetu uani. Wacheze na watoto wa wakulima, nao watabadilishana lugha zao bila ada. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na kufika mkoa wetu wa Shinyanga, ulitumia njia ya namna hii, ukiwatayarisha watoto wa vijijini kwa hadithi na michezo. Na jirani asiyejua kujaza karatasi za cheti cha kuzaliwa, kalamu tunayo sisi.

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wazee; lakini akunjaye kwa haraka huvunja. Tuanze mapema, tukunje polepole.