Kitenzi "run" na njia zake katika Kiswahili

Kitenzi cha Kiingereza "run" ndicho chenye maana nyingi kuliko vyote katika kamusi kubwa ya Oxford. Wahariri wake walipokipitia upya walihesabu maana 645. Mtoto anakimbia, mto unapita, duka linaendeshwa, mafuta yanaisha, mtu anagombea uenyekiti wa kijiji: kwa Mwingereza yote hayo ni "run". Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kubeba mzigo huo. Mswahili huangalia kwanza ni kitu gani kinachokwenda, na kama kinakwenda chenyewe au kuna anayekipeleka. Hapo ndipo kitenzi hupatikana, pamoja na mnyambuliko wake.

Kamusi za mwanzo hazikukutana na tatizo hili kwa uzito uleule. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg, alianzia kwenye neno la Kiswahili ndipo akaeleza kwa Kiingereza; kamusi yake ilitoka London mwaka 1882. Hermann Gundert, naye wa Württemberg, alifuata njia hiyohiyo kwa Kimalayalam, lugha ya Kerala kusini mwa India, na kazi yake ilichapishwa Mangalore mwaka 1872. Anayeanzia kwenye neno la wenyeji hupata kitenzi chenye mipaka. Ugumu ulimwangukia Arthur Madan, aliyetoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na baada yake Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1939, kwa kuwa hao walilazimika kuanzia kwenye "run".

Kimbia, jibu la kwanza la kila mwanafunzi, lina historia yake. Katika Kiswahili cha pwani kukimbia ni kuiepa hatari: watu hukimbia vita, hukimbia njaa, mdaiwa humkimbia anayemdai. Humo ndimo limetoka neno mkimbizi. Mwendo wa miguu peke yake uliitwa kwenda mbio au kupiga mbio, na kwa mzaha kutimua mbio au kutoka nduki. Siku hizi kimbia limebeba yote mawili, ila maana ya zamani bado ipo. Ukisikia "Fulani amekimbia", swali la kwanza ni amekimbia nini. Toroka ni jingine tena, maana hudai mahali ambapo mtu alitakiwa akae, kama shuleni au mahabusu.

Kimbia likinyambuliwa likawa kimbiza, Kiingereza huachwa nyuma. Polisi humkimbiza mwizi. Ndugu humkimbiza mgonjwa Hospitali ya Tumbi, Kibaha, naye mgonjwa amelala kwenye bajaji hajanyanyua hata mguu, na sentensi haina kosa lolote. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni mwa Kilimanjaro mwaka 1961, hukimbizwa mikoani kila mwaka, ingawa sehemu kubwa ya safari yake hupanda gari.

Kwa vyombo vya usafiri, kosa la tafsiri hugeuka kichekesho. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, na tangu Juni 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya miji hiyo ikipitia Soga na Ruvu. Kwa Mwingereza treni hizo "run" kila siku. Abiria wa vijiji vya Kibaha na Kisarawe atasema treni inatembea, au kwa kifupi treni ipo. Mabasi ambayo kwa Kiingereza "run" mpaka saa tatu usiku, kwake yapo mpaka saa tatu. Ukimwambia basi linakimbia, atadhani dereva anaendesha vibaya. Injini iliyoachwa "running" inaunguruma, anayetaka iachwe hivyo husema tu, "Usizime."

Endesha ndilo jibu la shughuli zinazosimamiwa na mtu: biashara, kikao, mradi, shule. Limejengwa juu ya enda, kwa hiyo mwenye duka hulifanya duka liende. Kimalayalam kina mpango unaofanana ajabu. Oduka ni kukimbia, na kwa kunyambuliwa huwa odikkuka, yaani kuendesha chombo. Kuendesha shughuli huitwa nadattuka, kitokanacho na nadakkuka, kutembea. Lugha mbili zisizo na undugu, zinazotazamana ng'ambo ya Bahari ya Hindi, zimeona kwamba kazi inayosimamiwa vizuri huenda kwa miguu, haikurupuki. Endesha lina upande wake wa aibu pia, tumbo la kuendesha, na hapo Kiingereza cha mitaani hukubaliana nalo neno kwa neno.

Maji yana vitenzi vyake. Mto Ruvu unapita au unatiririka, lakini ya bombani hutoka. Swali la asubuhi ni "Maji yanatoka?" na jibu baya ni "Yamekatika." Mabango ya afya wakati wa Korona yalihimiza kunawa kwa maji tiririka na sabuni, tafsiri fupi iliyokubalika hata pale ambapo maji hayo yalitoka kwenye ndoo yenye koki. Pua hutoka kamasi, kitenge kibaya huchuja rangi.

Kwa kupungukiwa, kiima chenyewe hubadilika. Sukari imeisha, mwenye sukari ameishiwa. Ishiwa humfanya mtu kuwa mpokeaji wa hasara, na likisimama peke yake, "nimeishiwa", kila mtu anajua ni pesa.

Katika uchaguzi, kama ule wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, mtu hugombea nafasi. Mgombea wa Kiingereza yuko mbioni kuifuata. Wa Kiswahili anaing'ang'ania na mwenzake, kwa kuwa gombea ni ndugu wa gombana. Wania ni lenye adabu zaidi, na magazeti hulipenda.

Zipo maana zisizopata kitenzi cha mwendo kabisa. Ugonjwa ambao kwa Kiingereza "runs" katika familia, kwa Kiswahili ni wa kurithi, au ni wa ukoo. Anayegongwa na gari, anayekutana na rafiki njiani bila kutarajia, na mkataba unaodumu miaka mitano, kila mmoja hutafutiwa kitenzi chake.