POSHO YA MTOTO UGENINI
Hotuba ya Mwenyekiti katika kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, Bukoba, 2025



Mwaka 2015 tulianza akina mama 25 na sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu. Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Mahesabu tumejifunzia kwenye sanduku hilo. Habari za hisa na mikopo ameziandika Mhazini katika kurasa zake. Sisi tuzungumze jambo moja ambalo nusura livunje kikundi: fedha ya kula ya mtoto anayesoma chuo kikuu nchi jirani.

Mwaka 2016 binti wa mwenzetu alipata nafasi Makerere, Kampala. Wako waliouliza, kwa nini asisome hapa nchini? Jamani, kutoka Bukoba kwenda Kampala kupitia Mutukula ni kama kilomita 300. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Tena Makerere si kugeni kwetu, hata Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, alisoma pale. Baba yake akauza ng'ombe, ada na kodi ya chumba vikapatikana. Tukapiga vigelegele, tukidhani kazi imekwisha.

Kumbe ada ni mlango tu. Ndani ya nyumba kuna kula, sabuni, nauli, vitabu vya kutoa fotokopi na dawa akiugua. Kikundi kiliamua kumkopesha bila riba shilingi 400,000 za miezi minne, tukampa zote mkononi siku ya safari. Hapo ndipo tulipokosea. Shilingi yetu ikivuka mpaka inazaa, kwa sababu moja ya kwetu inapata zaidi ya moja ya Uganda. Mtoto akajiona ana fedha nyingi, na bei za kule nazo ni za fedha nyingi. Akanunua godoro, ndoo, pasi, akalipa hiki na kile ambacho hakuna aliyekuwa ametuambia. Mwanzoni mwa Septemba akapiga simu analia. Zilikuwa zimebaki za wiki moja.

Kabla hatujakaa kikao, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 alasiri, ardhi ikatetemeka. Wote mliopo hapa mnakumbuka. Watu walipoteza maisha mjini kwetu, na nyumba za wenzetu sita katika kikundi zilianguka. Mfuko wa jamii ukaisha kwa kununua maturubai na unga.

Tulikutana chini ya mwembe, maana ndani tuliogopa. Suala la binti likaletwa. Mwenzetu mmoja akasimama akasema, "Wangu analala nje, wa mwenzangu analala hosteli. Nani aliye na shida?" Kimya. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa na jibu. Wengine walisema arudi nyumbani. Yeye mwenyewe alipopata habari alisema yuko tayari kurudi. Mama yake hakusema neno, aliinamisha kichwa tu.

Mwisho tulikubaliana kila mmoja atoe 2,000 kwa mwezi, zipatikane 50,000, nusu ya ile ya kwanza. Tulipiga kura, lakini hatukuwauliza kwanza wale waliokuwa wanalala chini ya maturubai kama wanayo hiyo 2,000. Wenzetu watatu waliondoka. Mmoja alirudi mwaka 2018. Wawili hawakurudi hadi leo. Kwa niaba ya kikundi tunasema mbele ya wageni: kumsaidia mtoto hatukukosea, ila namna tulivyoamua tulikosea. Tunawaomba radhi, na mlango uko wazi.

Binti naye akajifunza. Waliungana wasichana wanne, wakapika chungu kimoja. Mama yake alimpelekea maharage na dagaa kwa basi. Sisi hiyo fedha tuliita posho. Siku moja akatucheka kwenye simu, "Mama zangu, huku posho ni ugali!" Tukamwambia basi ndiyo hiyo hiyo, kula.

Kuanzia Januari 2017 tuliweka utaratibu, tukatoa 100,000 kila mwezi wa masomo. Alimaliza mwaka 2019. Jumla ya mkopo wake ilikuwa shilingi 2,550,000. Alipata kazi 2021, na kufikia 2023 alikuwa amerudisha yote. Fedha hiyo haikurudi kwenye hisa, ndiyo Mfuko wa Elimu wa sasa. Katika wanaoutumia leo yupo mtoto wa yule mama aliyesimama chini ya mwembe. Yuko Kampala mwaka wa pili.

Kwa wazazi wenye nia hiyo, tuliyojifunza ni haya:

Kwanza, kabla ya kusherehekea barua ya chuo, mtafute kijana anayesoma kule akuambie bei za kula na za chumba, siyo ada peke yake.

Pili, andika hesabu kwa fedha za nchi zote mbili, na uhesabu makato ya kutuma na hasara ya kubadilisha.

Tatu, usimpe mtoto fedha za muhula mzima. Mpe kwa mwezi, tarehe moja, isiyobadilika. Akijua tarehe atajipanga.

Nne, tenga kidogo cha dharura kisichoguswa. Janga halipigi hodi.

Tano, mwambie mtoto hali halisi ya nyumbani, naye akuambie ya kule. Aibu ya kusema nimeishiwa ndiyo inayowapeleka mabinti wetu kwa watu wasiofaa.

Ndugu Mgeni Rasmi, haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chetu kilijazwa na 2,000 za akina mama ambao wengine hawakuwa na paa. Hilo tusilisahau tunapokula pilau ya leo.