Maji ya Kiwanda cha Kahawa na Majirani wa Chini

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya maji yatokayo katika viwanda vyetu vya kahawa. Najua wengi mngependa zaidi kusikia habari za bei. Hizo zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, bali habari za mto hazimo katika taarifa ya mtu yeyote.

Kahawa si zao la kale kwetu. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuipanda kwa muda mrefu, na ruhusa ya kujaribu ilipotolewa katika miaka ya 1930, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, pamoja na Kisii. Viwanda vya ushirika vikajengwa karibu na mito, kwa kuwa kahawa humenywa na kuoshwa kwa maji mengi. Waliochagua mahali hapo walikuwa na akili. Taabu imeletwa na desturi ya kuyarudisha maji mtoni kama yalivyotoka mashineni.

Mtu atauliza, tunda la kahawa lina sumu gani hata liue samaki? Ubaya wake hasa ni utamu. Ule ute unaoshikamana na punje umejaa sukari. Ukiingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huula kwa pupa, na katika kula huko humaliza hewa iliyoyeyuka majini, ambayo samaki huivuta. Maji huchacha, huwa makali kama siki, na harufu yake wazee wanaifahamu. Kanuni za serikali za mwaka 2006 ziliweka kiasi cha hewa ambacho uchafu katika maji yanayomwagwa waweza kukila kwa siku tano: miligramu 30 kwa kila lita. Maji mabichi ya kumenyea kahawa hula maelfu.

Nayo hayakai kwetu. Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita, yote hushuka kutoka Mlima Kenya na mwisho wake ni Tana. Huku juu tuna mvua na chemchemi. Ndugu zetu wa Mbeere na Tharaka wakaa katika nchi kavu, na wako wanaoteka maji ya kunywa papo hapo mtoni. Wazee wa Njuri Ncheke tangu zamani wamekuwa walinzi wa misitu na maji, wala sidhani yupo mzee hapa angemruhusu kijana kumwaga uchafu penye chemchemi ya mwenziwe. Mbona kiwanda tunakiruhusu?

Dawa yake si ngeni wala si ya kitajiri. Kwanza, maji ya kumenyea yazungushwe na kutumiwa tena mchana kutwa badala ya kufungulia mapya daima. Hilo peke yake hupunguza sana yanayotoka. Pili, maganda yachujwe upesi, yasikae majini yakitoa sukari yake, kisha yarundikwe yaoze yawe mbolea ya mashamba. Tatu, maji yaliyobaki yaelekezwe katika mashimo yaliyo mbali na mto, ili udongo wetu mwekundu uyanywe polepole. Hapa ndipo watu wengi huchoka mapema. Shimo moja halitoshi, kwa sababu ute huziba kuta zake. Yapasa yawe kadha, yapumzishwe kwa zamu, na kuta zikwanguliwe yakikauka. Shimo lililosahauliwa hufurika usiku wa mvua, na yote yakaishia mtoni kama zamani.

Gumu ni ardhi. Mashimo yahitaji uwanja, na viwanda vingi vimebanwa kati ya mto na mashamba ya watu. Hakuna atakayetoa kipande cha shamba bure, wala si haki kumwomba.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uamue mambo mawili leo. Chama kiandikie kamati za ushirika barua, kuomba wanachama wao wapige kura juu ya kukatwa shilingi moja kwa kila kilo ya matunda kwa msimu mmoja, fedha zinunue ardhi hiyo. Nasi tuahidi mikono ya kuchimba, kila kijiji siku yake, kazi iishe kabla ya mavuno makubwa kuanza mwezi wa Oktoba. Barua nimekwisha kuiandika. Inangoja sahihi ya Bwana Mwenyekiti.