Hisani Baina ya Washindani: Mwanafunzi katika Timu ya Roboti ya Sekondari



Nimepewa dhamana ya kuzungumza juu ya maisha ya mwanafunzi katika timu ya roboti, na kwa kuwa timu niliyoitumikia ilikuwa Marekani, ambako wazazi wangu walihamia, nitayasema niliyoyaona huko, nikielemea jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa zinapotajwa mashine hizi, nalo ni jinsi kanuni za mashindano zenyewe zinavyomzoesha kijana kumfaa mpinzani wake.

Mashindano hayo, yajulikanayo kwa jina la FIRST, yaliasisiwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, na michezo ya kwanza ilifanyika 1992 katika jimbo la New Hampshire, timu zikiwa 28. Pamoja naye alikuwapo Woodie Flowers, mwalimu wa uhandisi katika chuo cha MIT, aliyefariki 2019, ambaye maisha yake yote alishikilia kwamba mtu aweza kushindana kwa bidii kubwa bila ya kumvunjia heshima mwenziwe. Kila Januari hutangazwa mchezo mpya kwa timu zote siku moja, na hapo vijana huanza kubishana juu ya mashine ambayo bado haijawako; katika miaka yangu haikuruhusiwa kuzidi kilo 57 hivi bila ya betri, na ilicheza dakika mbili na nusu, sekunde 15 za mwanzo ikijiendesha kwa programu tuliyoiandika, kisha ikiongozwa na madereva.

Kazi niliyokabidhiwa kwanza ilikuwa ya betri. Betri yenyewe ni ya volti 12, uzito wake takriban kilo 6, na kabla ya kila mchezo sharti iwekwe iliyojaa. Nami niliipima, nikazivuta nyaya penye ncha kuona kama boliti zimekaza, kisha nikaandika daftarini namba yake, saa iliyotoka kwenye chaja, na volti zake. Maana mota zote zinapovuta umeme kwa pamoja na betri ikawa dhaifu, au ncha ikawa imelegea, umeme hushuka ghafla, na kompyuta ya roboti huzikatia mota umeme ili yenyewe isizimike. Roboti ikasitasita katikati ya uwanja, na watazamaji wakadhani dereva amezubaa. Hapo ndipo waandishi wa programu walipowatuhumu mafundi wa chuma, na mafundi wakawatuhumu waandishi, sauti zikapanda. Lakini likifunguliwa daftari, lilikuwa ndilo kadhi wetu, na mara nyingi lilionyesha kwamba kosa halikuwa la upande wowote kati ya hizo mbili. Sijui somo la darasani lililonifunza insafu kuliko kurasa zile zilizojaa grisi.

Sasa nirejee kwenye azma yangu. Katika michezo ya mchujo, timu sita huingia uwanjani katika miungano miwili, tatu za rangi nyekundu na tatu za buluu, na nani awe na nani huamuliwa kwa kura, hata timu unayopambana nayo asubuhi yaweza kuwa mshirika wako alasiri. Kwa hivyo roboti ya jirani ikiharibika, hasara yaweza kuwa yako pia. Wako wasemao kwamba hisani ya namna hii ni ya hesabu tu, wala haina moyo ndani yake. Mimi nawajibu kwa niliyoyashuhudia katika duru za mwisho, ambapo miungano imekwisha kufungwa, kura hakuna tena, na faida ya kumsaidia mpinzani imetoweka: alifika kibandani kwetu binti wa timu tuliyokuwa karibu kucheza nayo, mnyororo uliokatika mkononi, akiomba pingili moja ya kuunganishia. Nahodha wetu hakuitisha shauri. Alifungua kisanduku, akampa pingili mbili, na akawatuma wawili wetu na koleo waende wakaifunge, ilhali saa ya ukutani inakwenda. Mazoea yalikuwa yamekwisha kuwa tabia.

Walakini si yote yaliyo mema katika mashindano haya: ziko timu zenye wahandisi na mashine za kukatia chuma, zikikabiliana na timu zenye msumeno wa mkono; na ziko timu ambazo mtu mzima ndiye ashikaye spana, mwanafunzi akawa mtazamaji wa kazi iitwayo yake. Hilo la pili naliona dhuluma, kwani humnyang'anya kijana kitu kile kile alichokijia.

Nafasi hii haiko Marekani pekee: tangu 2017, mashindano ya FIRST Global hukaribisha timu moja kwa kila nchi, na vijana wa Kenya na Tanzania wamepata kushiriki, wakiunganishwa uwanjani na nchi nyingine. Kwa wenye nia ya kuanzisha michezo baina ya shule zetu, naomba mambo matatu: miungano ipangwe kwa kura; mkono wa mtu mzima usiguse roboti ikisha kuingia ukumbini; na sanduku moja la vipuri liwekwe kati, lisimamiwe kwa zamu na wanafunzi wa timu zote, kila achukuaye akiandika alichokichukua, ili ijulikane ni vipuri gani vinunuliwe kwa mwaka ufuatao.